Sony W830 kwenye meza ya kanga: kamera ndogo ya kila siku kwa bei tunayoimudu

Nauza kanga na vitenge Lindi mjini, na wateja wangu wengi hatuonani. Wako Ruangwa, Nachingwea, Mtama, wengine Liwale huko ndani. Minada ya ufuta ikianza mwezi wa sita, na ya korosho ikifuata mwezi wa kumi, simu yangu haitulii: "Dada, nitumie picha za mzigo mpya." Wanachagua kwa picha, wanatuma hela, mimi nafunga doti na kumkabidhi konda wa basi. Picha ikidanganya rangi, doti inarudi, na nauli ya kuirudisha inatoka kwangu.

Ndiyo maana nilitaka kamera ndogo ya kutia kwenye pochi, isiyozidi laki mbili na nusu, ambayo asubuhi itapiga kanga na jioni itapiga watoto, bibi yao, mahafali, harusi na bahari. Niliyoichukua ni Sony Cyber-shot DSC-W830 ya mtumba, kwa laki mbili na ishirini. Toleo lake ni la mwaka 2014. Naishika kila siku, na nimeipenda kiasi cha kutaka kuwaeleza wenzangu wa kusini kwa kirefu, pamoja na pale uwezo wake unapoishia.

Kila anayeniona nayo ananiuliza kwa nini nisitumie simu. Simu ninayo, na kwa sura za watu inapiga vizuri sana. Lakini simu za bei ya kati zimetengenezwa ili zipendeze: ukishabonyeza, programu ya ndani inakoleza nyekundu, inang'arisha vivuli, inalainisha ngozi. Kwenye uso wa mtoto sina ugomvi na hilo. Kwenye kanga ni balaa. Mteja mmoja wa Ruangwa alichagua doti ambayo kwenye picha ilikuwa nyekundu ya kuwaka. Alipofungua mfuko akakuta damu ya mzee. "Dada, hii siyo niliyoichagua." Alikuwa na haki yake, maana kanga ilikuwa ya shangazi wa bibi harusi na sare ilishapangwa.

Halafu kuna suala la kuvuta kitu cha mbali. Simu za bei yetu nyingi hazina zumu ya lenzi. Ukivuta kwa vidole, simu inakata kipande cha katikati cha picha na kukikuza, basi. Na simu ndiyo hiyo hiyo hela inapoingilia. Ikizima saa nane mchana kwa sababu nimepiga picha za mzigo mzima, duka nalo limezima.

Shemeji yangu aliniletea nijaribu kamera mpya kabisa aliyoinunua Dar, bado iko kwenye boksi lake. Jina la kampuni sijawahi kulisikia. Boksi limeandikwa megapikseli 48, video ya 4K, zumu mara 16. Bei yake ilikuwa chini ya laki mbili. Nakaa kidogo kwenye kamera hii kwa sababu ndiyo aina inayowavutia watu wengi, na kwa namba zilizoandikwa pale mbele inaonekana kuipita Sony ya mtumba kwa kila kitu.

Nina kipimo changu. Kila kanga ina pindo, mji na jina. Kanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi, na jina ni mstari mmoja tu wa herufi pale chini. Natundika kanga kwenye ukuta wa baraza, narudi nyuma hadi kanga nzima ienee kwenye kioo, napiga. Kisha naenda kwa jirani mwenye steshenari, tunaifungua picha kwenye kompyuta na kuikuza hadi kwenye jina. Siku hiyo ilikuwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Kwenye picha ya kamera ya shemeji herufi zilikuwepo, lakini zimevimba, kama zimeandikwa kwa mkaa kwenye karatasi lililoloa. Maua madogo ya pindo yalikuwa yameungana kuwa mchirizi mmoja. Kwa Sony, ambayo ina megapikseli 20 tu, kila herufi ilikuwa na kingo zake, na kwenye A ya TAMAA uliona pale wino ulipokosa kukolea kiwandani.

Sababu haina uchawi. Kamera nyingi za aina ile zina kihisi, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, chenye pikseli chache kuliko zinazotangazwa, na programu inabuni zilizobaki ili ifikishe 48. Lenzi haina mota ya kulenga, imekazwa sehemu moja, kwa hiyo kitu cha karibu na cha mbali vyote vinatoka nusunusu. Na ile zumu mara 16 ni kukata na kukuza, sawasawa na vidole kwenye simu. Namna ya kuzitambua dukani ni rahisi: washa kamera, uangalie lenzi. Kama haitoki nje, na ukivuta hakuna kinachosogea ndani yake, ujue kwa bei hiyo hakuna zumu ya lenzi. Zipo kamera nzuri ambazo lenzi yake husogea ndani kwa ndani, za kuzama majini kwa mfano, lakini hizo hazipatikani kwa laki na kitu.

Na hizo megapikseli nyingi za nini? Picha ya kuchapisha ya inchi 6 kwa 4, ile tunayoweka kwenye albamu, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 1,800 kwa 1,200. Hiyo ni megapikseli 2 na kidogo. WhatsApp nayo inaipunguza picha kabla haijafika kwa mteja. Mimi Sony yangu nimeiweka kwenye megapikseli 10 kwa kazi za kila siku, na 20 naipandisha tu pale ninapotaka jina la kanga lisomeke likikuzwa.

Nilipoamua kwenda kwenye mtumba wa kampuni zinazojulikana, nililinganisha chache. Canon IXUS 285 HS ya mwaka 2016 ingekuwa chaguo zuri: zumu mara 12, video ya 1080p, na inatuma picha kwenye simu kwa Wi-Fi. Lakini vijana duniani wameanza kuzitafuta tena kamera hizi ndogo, na hiyo ndiyo mojawapo ya zinazogombewa. Canon wenyewe waliirudisha sokoni mwaka 2025 ikiwa imebadilishwa kidogo, kwa jina lake la Marekani, PowerShot ELPH 360 HS A. Bei yake imepaa, mimi siifikii. Canon IXUS 185 ya 2017 bei yake ni ya chini, ina megapikseli 20 na zumu mara 8, ila haina kituliza mtikisiko ndani ya lenzi. Kodak PIXPRO FZ55 inapatikana mpya. Inatengenezwa na JK Imaging kwa leseni ya jina la Kodak, ina megapikseli 16, zumu mara 5 na video ya 1080p. Hiyo nayo haina kituliza cha ndani ya lenzi, na mara 5 kwangu ni fupi.

Hicho kituliza mtikisiko ndicho kilichoniamulia. Ndani ya lenzi ya W830 kuna kipande cha kioo kinachosogea upande wa pili kila mkono unapotetemeka. Bila flashi, kwenye kivuli, ukiwa umevuta hadi mwisho, mtikisiko mdogo wa kidole unatosha kuharibu picha. Kamera isiyo na kituliza itajaribu kujiokoa kwa kupandisha usikivu wa mwanga, na hapo chembechembe zinajaa. Kwa mtu asiyebeba stendi ya miguu mitatu, nakiona kitu hiki ni cha maana kuliko megapikseli na kuliko 4K.

Hapa tahadhari moja kwa anayeitafuta. Sony walitoa ndugu watatu mwaka huo 2014: W800, W810 na W830. Kwa mbali wanafanana sana, na wauzaji wengi wanawaita wote "Sony ya megapikseli ishirini". W800 ina zumu mara 5, W810 mara 6, na zote mbili hazina kituliza cha lenzi. W830 ina mara 8, kuanzia milimita 25 hadi 200 kwa kipimo cha kamera za filamu (namba ikiwa ndogo inachukua eneo pana, ikiwa kubwa inavuta cha mbali), na kwenye lenzi yake utasoma jina la Zeiss, kampuni ya lenzi. Soma maandishi ya mbele mwenyewe, usikubali kuambiwa.

Niliipata Mtwara mjini, kwenye mitaa ya sokoni. Duka la kwanza niliingia, muuzaji akaniambia kamera ya mtumba haijaribiwi, unalipa kwanza ndiyo unafungua. Nikamshukuru, nikatoka. La pili alikuwepo kijana, duka dogo la simu na vipuri vyake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo nyeusi ina chaji?"

"Ina chaji, mama. Ijaribu unavyotaka, hata nje toka nayo."

Nikatoka nayo kweli, na yeye hakunifuata nyuma kwa wasiwasi. Kijana huyo anastahili sifa, kwa sababu kamera ya mtumba haichaguliwi kwa kuangalia ngozi yake. Niliiwasha na kuizima mara nyingi mfululizo nikiwa nimeiweka karibu na sikio. Lenzi iliyowahi kuingia mchanga inakwaruza, au inatoka kwa kusitasita, na siku moja itagoma kurudi ndani. Hii ilitoka laini. Nikavuta zumu hadi mwisho na kupiga ukuta mweupe wa jirani, maana vumbi lililoingia kwenye kihisi linaonekana hapo kama madoa meusi yasiyohama ukisogeza kamera. Sikuona doa. Nikapiga flashi. Nikabonyeza kila kitufe, nikafungua na kufunga kile kifuniko cha betri, ambacho kwenye kamera kuukuu nyingi ndicho huvunjika mwanzo. Betri niliilaza juu ya kaunta ya kioo kuona kama imevimba; betri iliyovimba haitulii, inazunguka ukiigusa.

La mwisho lilikuwa ukungu. Huku pwani hewa ina unyevu mwaka mzima, na lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi kabatini huota kuvu. Nikawasha tochi ya simu, nikaimulika lenzi kwa ubavu huku nikiitazama kwa upande mwingine. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotambaa au utando wa maziwa, rudisha kamera, hata kama wanakupunguzia bei. Kuvu haifutiki kwa kitambaa, iko ndani.

Kijana alitaja laki mbili na nusu, tukaelewana laki mbili na ishirini pamoja na betri, waya na kadi ya GB 16. Wakati wa kurudi Lindi nilishuka Mikindani kumsalimia shangazi, na pale ndipo nilipoanza kuielewa ile milimita 25. Mitaa ya Mikindani ni myembamba, huwezi kurudi nyuma ukaichukua nyumba yote yenye roshani. Kwa kamera inayoanzia 28 ningekata paa au ningekata mlango. Hii ilichukua vyote. Boma la Wajerumani la mwaka 1895, ambalo siku hizi ni hoteli, lilienea na minazi yake nikiwa bado barabarani. Shangazi alinitaka nimpige akiwa amekaa mlangoni kwake na kanga yake ya kisutu. Ile picha imechapishwa, iko ukutani kwake.

Sasa kazi yenyewe ya kanga. Kisutu ndiyo kipimo kizuri cha rangi, kwa sababu ina nyekundu, nyeusi na nyeupe kwenye nguo moja, na kamera ikikosea moja utaona hapo hapo. Duka langu lina turubai la bluu kwa mbele. Chini ya turubai hilo kila kitu kinakuwa na ubluu, na hakuna kamera ya bei hii itakayousafisha kabisa. Kwa hiyo natundika kwenye ukuta wa pembeni, upande wa kivuli, asubuhi jua likiwa bado halijafika. Naondoa kamera kwenye hali ya kujiamulia yenyewe, naiweka kwenye Program Auto, na kwenye sehemu ya kuiambia mwanga ni wa aina gani nachagua mawingu. Hilo peke yake lilinipa kahawia iliyo kahawia na kijani iliyo kijani.

Baada ya hapo ni kuongeza au kupunguza mwanga, kipimo kile chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kamera inapenda kila kitu kiwe cha wastani. Ukiipa kanga nyeupe inaifanya kijivu, ukiipa nyeusi nayo inaifanya kijivu. Nyeupe naiongezea 0.7, nyeusi naipunguzia 0.7. Nyekundu nayo naipunguzia kidogo, 0.3, maana nyekundu ikizidi mwanga inakuwa bapa moja na maua yaliyo ndani ya mji yanapotea. Damu ya mzee ndiyo iliyokuwa ikinisumbua, na sasa inatoka ilivyo. Naitazama picha kwenye simu huku kanga ikiwa mkononi, na tofauti iliyobaki ni ile ya kioo cha simu ya mteja, ambayo siwezi kuitawala.

Wapo wanaosema siri ya rangi za kamera hizi ni kihisi cha aina ya CCD, kilichotumika zamani kabla ya CMOS kutawala. W830 inacho hicho CCD. Mimi nadhani sifa inapewa kihisi kwa kuzidishwa. Kinachonisaidia ni kwamba kamera hii haiirembi picha baada ya kupigwa kwa kiasi simu inavyoiremba, na kwamba vipimo nikiviweka havibadiliki kati ya kanga ya kwanza na ya mwisho.

Picha zinafikaje kwa mteja? Haina Wi-Fi. Natoa kadi, naichomeka kwenye kisoma kadi kidogo cha kuunganisha na simu, nachagua, natuma. Hapa kadi ina maana yake. Kadi za kuanzia GB 4 hadi 32 ni SDHC, na karibu kila simu yenye uwezo wa kusoma flash disk itazisoma. Zaidi ya GB 32 ni SDXC, na hizo simu nyingine zinazikataa. Nakaa na GB 16, inabeba picha elfu kadhaa. Ukinunua kadi mpya, ijaze mpaka mwisho siku hiyo hiyo halafu fungua picha za mwishomwisho, kwa sababu kadi za bandia hujiandika GB 64 na ndani zina 8 tu, zinakupokea picha na kuzitupa. Na anayenunua kamera kongwe kuliko hii, za kabla ya mwaka 2006, ajue nyingi hazisomi hata SDHC. Zinataka kadi za GB 2 kushuka chini, ambazo sasa ni za kutafuta.

Chaji ndiyo sehemu nyingine iliyonifurahisha. Betri yake ni NP-BN, na inachajiwa ikiwa ndani ya kamera kwa waya wa USB, ule mdogo wa simu za zamani. Maana yake umeme ukikatika naichomeka kwenye pawabenki. IXUS 185 betri inatolewa na kuwekwa kwenye chaja yake ya ukutani, na chaja hiyo ikipotea umekwama. Sony wanahesabu picha 210 kwa chaji moja, kwa kipimo cha viwandani ambacho flashi inawaka nusu ya picha. Kwa kanga za mchana bila flashi sijawahi kuishiwa kabla ya mzigo kwisha.

Kwenye mahafali ya mwanangu ya kidato cha nne ndipo zumu ilipojilipa. Wazazi tulikaa chini ya hema, meza kuu iko ng'ambo ya uwanja, na walimu wamezuia watu kusogea mbele. Wenzangu waliinua simu, wakapata vijishati vyeupe. Mimi nilivuta hadi milimita 200, nikaegemeza viwiko magotini, nikabana pumzi. Alipopokea cheti uso wake ulionekana, hata ile pini ya tai. Wamama wanne wa jirani waliniomba niwapigie watoto wao, nikawapigia, na picha zao niliwatumia jioni ile. Ilikuwa saa tano ya asubuhi, jua kali, na ndiyo hali ambayo kamera hii inaipenda.

Jua hilo hilo lina ubaya wake kwa mtumiaji. Kioo cha nyuma ni cha inchi 2.7 chenye nukta 230,000, na saa sita mchana ufukweni hukioni vizuri. Hakuna tundu la kuchungulia. Nafunika kwa ncha ya mtandio, au napiga kwa kukisia na kuangalia baadaye kivulini. Alfajiri ni raha zaidi: jua letu Lindi linachomoza upande wa ng'ambo ya ghuba, na kivuko cha Kitunda kikiwa katikati ya maji na watu wamesimama na baiskeli zao unapata picha ambayo huhitaji kuirekebisha. Ukilielekeza jua lenyewe utaona mstari wa mwanga ukishuka kwenye kioo. Huo ni mtindo wa CCD zote, unaingia kwenye video lakini kwenye picha ya kawaida hauonekani.

Giza likiingia, uwezo wake unaisha haraka. Kihisi chake, sawa na cha kamera nyingi ndogo za bei hii, ni cha milimita 6 kwa 4 na nusu hivi, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Lenzi nayo ikivutwa hadi mwisho inapokea karibu robo tu ya mwanga inaoupokea ikiwa haijavutwa, f/6.3 badala ya f/3.3. Kwenye harusi za usiku mimi sivuti kabisa. Nasogea hadi hatua mbili tatu, nawasha flashi, napiga watu wakiwa wamesimama. Wakicheza, sahau. Na kati ya picha na picha inachukua muda kujiandaa, kwa hiyo bibi harusi akigeuka umeshamkosa. Kwenye unyago kamera inabaki nyumbani, huko hapapigwi picha na sitaki mtu anunue kamera kwa fikra hiyo.

Video ni ya 720p. Inatosha kwa salamu za bibi kwa wajukuu walio Dar, kwa kazi ya maana haitoshi.

Utunzaji kwa sisi wa pwani nautilia mkazo. Adui wake mkubwa ni mchanga, kwa sababu lenzi inatoka na kuingia na chembe moja tu inatosha kuikwamisha. Ufukweni naitoa kwenye mfuko wa nailoni, napiga, naizima, naifunga tena. Siiweki juu ya ngalawa wala juu ya kanga iliyotandikwa chini. Watoto wanaijua sheria hiyo na wanaifuata. Usiku inalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vyeupe vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vipakiti hivyo vikikaa sana vinashiba, kwa hiyo muuza viatu wa mtaani kwetu ananiwekea vipya.

Anayetaka kupiga ngoma za usiku au ndani ya nyumba zenye taa hafifu, nisingempa W830. Ningemwambia atafute kwenye mtumba Canon PowerShot S95 ya mwaka 2010. Ina megapikseli 10 tu, na zumu yake inaishia milimita 105, kwa hiyo mahafalini itamwacha. Ila kihisi chake ni kikubwa zaidi, lenzi yake inafunguka hadi f/2.0, na inahifadhi picha ghafi kwa mwenye kompyuta ya kuzirekebisha. Betri yake ni NB-6L, iliyotumika kwenye Canon nyingi, kwa hiyo ya akiba haitamsumbua kuipata. Aimulike kwanza kwa tochi kuangalia kuvu, maana umri wake ni mkubwa kuliko wa hii yangu.